Sifa za Mwana Mieleka Zapimwa kwa Pishi Gani?

Jamaa wengi wa pwani hivi sasa wana watoto wao au ndugu zao katika miji ya Thika na Ruiru. Wako waliokwenda kwa masomo, wako waliofuata kazi za viwandani, na wako waliofungua biashara zao ndogo ndogo kando ya ile barabara kuu iliyopanuliwa na kukamilishwa mwaka 2012. Ruiru, ambayo wazee wetu waliijua kwa kahawa na kituo cha gari la moshi tu, ilihesabiwa mwaka 2019 ikaonekana ina watu 490,120, ikazipita Kisumu na Eldoret. Basi tulipokwenda huko, sisi watu watatu wa duru hii, kuwatazama jamaa zetu na kusoma pamoja nao, tulilala Thika usiku mmoja na Ruiru usiku wa pili. Na haya tunayotaka kuyaeleza leo yalituzukia Ruiru, katika duka la kinyozi, baina ya magharibi na isha.

Msomaji asituone tumepotea njia tukitaja mieleka katika kurasa hizi. Sisi hatukwenda kuitafuta mieleka. Mieleka ndiyo iliyotukuta. Mpwa wa mmoja wetu alikuwa akinyolewa, na juu ya kioo palikuwa na televisheni inayoonyesha ile mieleka ya Kimarekani, ambayo wanaume wenye vifua kama milango hunyanyuana na kubwagana juu ya mbao zilizotandikwa godoro jembamba. Vijana wawili waliokuwa wakingoja zamu zao walikuwa wakibishana, na ubishi wao ulikuwa mkali kuliko mieleka yenyewe. Pembeni alikaa mzee mmoja, babu wa mmoja wa vijana wale, kofia yake ameiweka magotini, hasemi neno.

Kijana wa kwanza alishikilia kwamba Roman Reigns ni katika mabingwa wakubwa waliopata kuonekana. Wa pili akasema kwamba huyo ni gogo tu lililosukumwa mbele na matajiri wa kampuni, na kwamba watazamaji wenyewe walimkataa. Tulipowauliza na kuwachimba, tuliona kuwa wote wawili wasema kweli. Januari 2015, mjini Philadelphia, Reigns alishinda pambano la watu thelathini, na ukumbi ukamzomea zomeo kubwa; hata jamaa yake mashuhuri, The Rock, alipotoka kumnyanyua mkono, zomeo halikunyamaza. Kisha Agosti 2020 akarudi kwa sura nyingine, sura ya mtu jeuri asemaye polepole na kutaka kutiiwa, na wengi katika wale wale waliomzomea wakaanza kusema kwamba hawajapata kuona mfano wake. Akakaa na mkanda wa ubingwa siku 1,316, mpaka Aprili 2024. Basi kijana mmoja alikuwa amesimama katika mwaka 2015, na mwenziwe katika mwaka 2022, na kila mmoja akimwona mwenziwe ni mwongo.

Wakamtaja na John Cena. Huyu, Juni 2006, katika ukumbi mmoja wa New York, alipigiwa kelele kwamba hajui mieleka kabisa, na kelele hizo zikamfuata mji kwa mji kwa miaka mingi. Alipopigana pambano lake la mwisho, Desemba 2025, mjini Washington, akasalimu amri mikononi mwa Gunther, walikuwako watu waliolia. Mtu huyo huyo, mikono hiyo hiyo. Je, alijifunza mieleka uzeeni? Au watu ndio waliojifunza kumtazama?

Hapo mmoja wetu, ambaye hana subira na michezo, alituinamia akasema kwa sauti ya chini: "Lakini mshindi amekwisha pangwa kabla ya pambano. Basi ni sifa gani hii inayogombewa? Hawa wanabishana juu ya ushujaa wa kivuli."

Neno lake si la kutupwa. Ni kweli kwamba mieleka ya namna ile hupangwa, na wenyewe wamekwisha kukiri: mwaka 1989 kampuni yao kubwa ilieleza mbele ya Baraza la Senate la jimbo la New Jersey kwamba kazi yao ni burudani, ili isisimamiwe kama michezo ya mashindano. Walakini twamwomba ndugu yetu akumbuke kirumbizi cha Lamu. Wawili huingia uwanjani na fimbo zao, ngoma ikalia na zumari ikaimba, wakatishiana na kukingiana, na watazamaji wakashangilia kila pigo na kila kinga. Ni nani asiyejua kwamba hapana anayetaka kumpasua mwenziwe kichwa siku ya harusi? Na juu ya hayo wazee watakwambia kwamba fulani alikuwa fundi na fulani alikuwa mvurugaji, wala hawakosei. Kupangwa kwa mchezo hakuondoi ufundi, bali kunauhamisha ufundi mahali pake. Katika mieleka hii ufundi si kumshinda mwenzio. Ufundi ni mambo mawili: kumfanya mtazamaji aamini, na kumrudisha mwenzio mzima kwa watoto wake. Anyanyuliwaye juu, kichwa chini, amekwisha kumkabidhi mwenziwe shingo yake. Hiyo ni amana, na hatujui jina jingine la kuiita.

Sasa tazama taabu inapoanzia. Jambo la kwanza mtazamaji huliona. Jambo la pili halioni. Yule aliyemshusha mwenziwe kwa upole mkubwa huonekana kutoka kwenye viti vya nyuma sawasawa na yule aliyembwaga ovyo, na huenda yule wa ovyo akashangiliwa zaidi. Basi tangu siku ya kwanza mwana mieleka ana sifa mbili, moja katika vinywa vya watu na moja katika chumba cha kuvalia nguo, na sifa mbili hizi hazipandi pamoja wala hazishuki pamoja.

Mfano wake ni usiku mmoja wa tarehe 29 Machi 1987, karibu na Detroit, katika uwanja uliojaa watu hata kampuni ikadai kuwa walikuwa 93,173, hesabu ambayo wengine waliipinga. Watu wale walikwenda kumwona Hulk Hogan akipambana na André, Mfaransa aliyekuwa jitu la kweli kwa urefu na uzito. Hogan alimnyanyua na kumbwaga, na picha ya tendo lile ikazunguka dunia nzima. Hata huku kwetu, ilipokuja mieleka katika kanda za video, jina la kwanza tuliloambiwa ni Hogan. Lakini usiku ule ule, kabla ya wakubwa kuingia, walipigana wawili wengine, Randy Savage na Ricky Steamboat, pambano ambalo Savage alilipanga hatua kwa hatua na kulidurusu kama mwanafunzi anavyodurusu juzuu yake. Leo, ukiwauliza wajuzi ni pambano gani la usiku ule wanalolirudia, watakwambia ni la Savage na Steamboat; na la Hogan watasema lilikuwa zito, lapendeza kwa picha kuliko kwa kulitazama. Hapana pigo lililoongezwa wala lililopunguzwa tangu 1987. Kilichobadilika ni jicho.

Na jicho halibadiliki peke yake, lina wanaolifundisha. Katika Marekani yuko mwandishi, Dave Meltzer, ambaye tangu miaka ya 1980 hupima mapambano kwa nyota katika gazeti lake, na nyota tano ndizo zilizokuwa zikijulikana kuwa ndiyo kilele. Januari 2017 Kazuchika Okada na Kenny Omega walipigana Tokyo, akawapa nyota sita. Mwaka uliofuata walipigana tena, Osaka, akawapa saba. Sisi hatuna la kusema juu ya pambano lenyewe, huenda likastahili. Tunasema juu ya kipimo. Pishi ni vibaba vinne. Mwenye duka akizoea kupimia pishi ya vibaba vinne, kisha siku moja akachukua pishi ya vibaba sita, mchele wa jana utaonekana pungufu nyumbani mwa mnunuzi bila ya kupotea hata punje moja. Wale walioitwa wakamilifu katika miaka ya 1980 waliamka asubuhi wakakuta ukamilifu umesogezwa mbele, na wengine wao wamelala makaburini.

Tulipokuwa tukiyafikiri haya, tulikumbuka elimu moja ambayo wasomaji wetu waijua, nayo ni ile ya kuwapima wapokezi wa hadithi. Wanazuoni wale walikuwa na mambo mawili ambayo vijana wa kwa kinyozi, na magazeti, na sisi wenyewe, twayakosa.

La kwanza, walikuwa wakitia tarehe katika hukumu. Ataa bin As-Saaib wa Kufa alikuwa mpokezi mwema, kisha mwishoni mwa umri wake akili ikamchanganyikia. Hawakumfuta, wala hawakuyachukua yake yote kwa kumwonea haya. Waliuliza: huyu aliyesikia kwake, alisikia lini? Waliosikia zamani, kama Shuuba na Sufyan Ath-Thauri, wakakubaliwa. Waliosikia baada ya kuchanganyikiwa wakaachwa. Mtu mmoja, hukumu mbili, wala hapana dhuluma ndani yake. Lau vijana wale wangaliambiana "mimi nasema juu ya 2015" na "mimi nasema juu ya 2022", ubishi ungalikwisha kabla ya kijana wa kwanza kuitwa kitini.

La pili, walitenga uadilifu wa mtu na udhibiti wake. Aliyekuwa mcha Mungu mwenye kusahau sana walimwachia ucha Mungu wake, na riwaya yake wakaiweka kando. Mwenye hifadhi kali asiyekuwa na dini, walijua kwamba ana hifadhi kali, nao hawakumchukulia. Kila kitu katika kapu lake. Sisi je? Mwaka 2015 yalidhihiri maneno maovu aliyoyasema Hogan juu ya watu weusi, na kampuni yake ikaliondoa jina lake katika orodha ya watukufu wake. Mwaka 2018 ikalirudisha. Januari 2025, alipotokea mbele ya watu karibu na Los Angeles, akazomewa. Na Julai mwaka ule ule akafa. Sisi ni katika waliotukanwa, wala hatuna wajibu wa kumpigia makofi. Lakini tumesikia watu wakisema kwamba basi hata André hakunyanyuliwa vizuri. La, ndugu zetu. André alinyanyuliwa. Na kama mieleka ya Hogan ilikuwa nzito, ilikuwa nzito tangu 1987, siku ambayo sote tulikuwa tukishangilia.

Na liko jambo jingine, linalotugusa karibu zaidi. Mwishoni mwa 2004 kampuni ile ilimtoa mwana mieleka ikampa jina la Muhammad Hassan, akavaa kilemba, akawa akilalamika kwamba Waarabu wa Marekani wanadhulumiwa, na kazi yake ni kuchukiwa. Mwenyewe hakuwa Mwarabu wala Muislamu. Ni kijana wa asili ya Kiitalia aitwaye Marc Copani. Julai 2005 waliandika mchezo ambao ndani yake watu waliofunika nyuso zao walimkaba mtu kwa niaba yake, na mchezo huo ukaonyeshwa tarehe 7 Julai, siku ambayo mabomu yalilipuka London. Makelele yakawa makubwa, na kabla ya mwezi kwisha Hassan akaondolewa asirudi. Hakuna aliyesema kwamba kijana yule hakujua mieleka. Aliporomoshwa na kalamu ya watu wengine, nao wakabaki katika viti vyao. Akaenda zake akawa mwalimu wa shule. Miaka mingi baadaye wako waliorudi kuyatazama mapambano yake wakasema: kumbe alikuwa akiifanya kazi yake vizuri. Ama sisi Waislamu, tulilaani lile jina, na haki ilikuwa nasi katika kulilaani. Lakini hatudhani kama kuna mmoja wetu aliyeuliza ni nani aliyeliandika.

Baadaye alikuja Muislamu wa kweli, Sami Zayn, jina lake la nyumbani Rami Sebei, mzaliwa wa Laval katika Kanada, wazazi wake watu wa Sham. Huyu kwa miaka zaidi ya kumi alipigana amefunika uso, kwa jina la Kispania, na walio wengi hawakujua asili yake. Alipofunua uso akasifiwa. Kisha akafanywa mchekeshaji, sifa ikashuka. Kisha mwaka 2023 watu wakampenda hata sauti zao zikamzidi bingwa mwenyewe, na Mei mwaka ule akashinda mjini Jidda. Akisifiwa, akichekwa na akipendwa, viungo vyake vilikuwa vile vile. Tumesoma katika khabari za Mtume, rehema na amani zimshukie, kisa cha ngamia wake Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio, mpaka alipokuja mbedui juu ya ngamia wake kijana akampita. Masahaba wakahuzunika, nao wakafahamishwa kwamba hiyo ndiyo kawaida ya Mungu kwa kila kilichonyanyuka katika dunia. Wengi wetu hukitumia kisa hicho kuwakemea wenye kiburi. Twaomba kitazamwe upande mwingine: Al-Adhbaa alishindwa, lakini hatukusoma kwamba kuna aliyesema siku ile kwamba basi hakuwa mwenda mbio tangu asili.

Tulipofika hapo katika fikira zetu, yule mzee wa pembeni alisema neno lake la kwanza. "Mnagombana juu ya Wamarekani," akawaambia vijana, "na Waruinge wa Nakuru hamumjui."

Vijana walikuwa hawamjui. Nasi twaliandika jina hili hapa ili angalau wasomaji wetu wasiwe kama wao. Philip Waruinge alikwenda Mexico mwaka 1968 kwa michezo ya Olimpiki, akarudi na nishani ya shaba tu, kwani alishindwa kabla ya fainali. Na pamoja na hayo, katika mabondia wote wa michezo ile, wenye dhahabu na wasio nayo, yeye ndiye aliyepewa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye mtindo bora kuliko wote. Mwaka 1972, Munich, alipata fedha. Huyu si wa mchezo wa kupangwa. Ngumi zile zilikuwa za kweli. Lakini tazama jinsi swali lilivyo moja: waamuzi wa pambano walimpa shaba, na wapima mtindo wakampa kombe. Leo mtu akitaka kujua habari zake akasoma orodha ya nishani peke yake, atapita juu ya jina lake kama apitavyo juu ya mtu wa tatu yeyote.

Na kama kushindwa kwaweza kuficha ufundi, hata huruma yaweza. Conjestina Achieng, binti wa Siaya, aliifanya Kenya nzima ijue kwamba mwanamke aweza kupigana ngumi mbele ya dunia, na mwaka 2004 alikuwa katika kilele cha jina lake. Alipopatwa na maradhi ya akili, magazeti yalimwandika sana, na watu wema walimsaidia, Mungu awalipe. Lakini tangu siku hiyo hatujaona anayezieleza ngumi zake: mkono gani ulikuwa mzito, alikuwa akisogea vipi. Amekuwa ni mgonjwa aliyekuwa bondia. Huruma ni njema, nayo haikumruhusu mtu kumpokonya mwenziwe ufundi wake.

Tulimwuliza mzee kama yeye naye alipigana. Akacheka, akasema alipigana kwa ajili ya timu ya kiwanda, Thika, katika miaka ya 1970, na kwamba watu walimpa jina la Mugumo. Jina hilo lina maana yake huko. Mugumo ni mti mkubwa ambao watu wa Agikuyu huuheshimu, na ulikuwako mmoja Thika, uliosemwa katika utabiri wa Mugo wa Kibiro kwamba utakapoanguka utawala wa Waingereza utakwisha. Nao ulianguka mwaka 1963. Mzee aliitwa kwa jina la mti ule kwa sababu alikuwa haanguki. Apigwe usoni, apigwe mbavuni, yeye husimama. "Watu walikuwa wakitoka Ruiru kwa miguu kuja kuniona nisianguke," akasema. Mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya kofia, ulikuwa ukitetemeka, na tulipoingia tulidhani ni baridi.

Na hapa ndipo tulipoona kwamba maneno yetu yote juu ya pishi na tarehe yalikuwa yakizunguka kando ya kisima. Tumeuliza sifa hupimwa vipi. Hatujauliza hununuliwa kwa nini. Katika ile mieleka ya Wamarekani alikuwako mtu, Mick Foley, aliyependwa kwa sababu ya kuvumilia maumivu. Januari 1999 alipigwa kwa kiti cha chuma kichwani mara kumi na zaidi, mikono yake imefungwa pingu nyuma, hawezi kujikinga. Na watoto wake wawili walikuwa wamekaa mbele kabisa wakilia, mpaka mama yao akawatoa. Wakati ule pambano lile lilihesabiwa katika matendo ya ushujaa. Leo wengi waliolisifu hawawezi kulitazama mpaka mwisho. Na alikuwako mwingine, Chris Benoit, aliyesifiwa na wajuzi wote kwa ukamilifu wa mieleka yake, ambaye pigo lake mashuhuri lilikuwa ni kujirusha kutoka juu ya kamba na kutangulia kwa kichwa. Juni 2007 alimwua mkewe na mwanawe mdogo, kisha akajiua. Madaktari walipoupima ubongo wake waliukuta umeharibika vibaya. Kampuni ililifuta jina lake, na mwaka 2010 ikakataza kupiga viti vya kichwa.

Hatusemi kwamba ubongo ulioharibika ndio uliomwua mtoto, wala hatumtetei mwuaji. Waliouawa wana haki yao, na haki hiyo haipunguzwi na kitu. Twasema hili tu: pigo lile la kichwa lilirudiwa usiku baada ya usiku kwa sababu watu walilipenda. Nyota zilizotolewa zilihesabu vizuri kila kitu, isipokuwa kile kilichokuwa kikivunjika ndani ya fuvu, ambacho hakikuonekana kutoka kwenye viti. Na alipofutwa, tulifutwa pamoja naye sisi tulioshangilia. Kwani maadamu hakuwako, nasi hatukuwako.

Nasi tunakiri la kwetu. Wawili katika sisi, tulipokuwa vijana Mombasa, tulikuwa tukienda kutazama ngumi, na tulikuwa na mtu wetu tuliyempenda kwa sababu ile ile ya Mugumo. Hatukupenda wale waliokwepa. Aliyekwepa tulimwita mwoga, tukataka turudishiwe fedha zetu. Yule tuliyempenda hatujui aliishia wapi. Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa basi tulimtajana sana, na hakuna aliyekuwa na khabari zake baada ya mwaka ule aliopigwa mpaka tukachoka naye.

Tulimwuliza mzee kama anajuta. Akasema hajui kujuta juu ya jambo gani, kwani siku zile ndizo alizokuwa akijulikana mpaka Murang'a, na mshahara wa kiwandani hakuna aliyemjulia. Kisha mjukuu wake, ambaye tangu tuingie alikuwa akimtetea Reigns, akamwambia: "Guka, simama utuonyeshe ulivyokuwa ukijikinga." Ndivyo waitavyo babu zao watu wa huko.

Mzee akaweka kofia yake juu ya benchi, akasimama. Mguu wa kushoto mbele, mkono wa kushoto umenyooka kidogo, na wa kulia chini karibu na mbavu. Uso wake wote ulikuwa wazi. Kinyozi, ambaye naye alipata kujifunza ngumi, aliacha kunyoa, akamwendea akamnyanyua mikono yote miwili mpaka kwenye mashavu, akasema: "Juu, mzee wangu, juu. Hivyo utapigwa."

Mzee akaitazama mikono yake pale ilipowekwa. "Hivi najua," akasema. "Nikiiweka hivi watu walikuwa hawashangilii."

Akaiteremsha akakaa. Adhana ya isha ilikuwa imekwisha, na mpwa wetu alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, basi tukasimama mlangoni kumngoja.